Buti Tumenunua, Lugha Je?

Likizo hii wanafunzi kadhaa wa kitivo chetu tunapanga safari ya Yangambi: kuteremka mto Kongo kwa mtumbwi kutoka Kisangani, kiasi cha kilomita 100, kisha siku tatu kwa miguu msituni. Orodha ya vitu ni ndefu: buti, vyandarua, hema mbili, turubai, dawa za malaria. Sina ubishi nayo. Ila haina hata mstari mmoja wa lugha, na sisi ndio tunaosomea lugha!

Mwaka jana nilisafiri kwa mtumbwi na wenzangu wa Bukavu. Boti kubwa ikapita, maji yakachafuka, mpiga kasia akatupigia kelele kwa Kilingala: “Bofanda!” Alisema tukae. Sisi watu wa Kiswahili tulisikia “panda”, tukainuka wote. Mtumbwi uliinama, maji yakaingia, simu mbili zikaenda na mto. Ingeweza kuwa watu.

Huko Yangambi Waturumbu wana lugha yao, Kilombo. Mzee atakayetutangulia msituni akiona nyoka ataonya kwa neno litakalomtoka kwanza, na sidhani litakuwa la Kifaransa.

Kwa hiyo naomba tumlipe siku moja zaidi, kabla ya kuingia msituni, atufundishe maneno kumi tu: simama, rudi, kaa, usiguse. Feza ya siku hiyo tuitoe kwenye hema ya pili. Mimi nitalala chini ya turubai.