Mgonjwa Atembee Wapi?

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Nasi humwagiza mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu: tembea. Atembee wapi, ilhali barabarani mjini Moshi hupishana na bodaboda? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Kuzuia ujenzi hakutoshi. Kingo za Karanga na Rau, sawa na fukwe za Dar es Salaam, zipatiwe njia ya udongo yenye vivuli, iliyo wazi kwa wote. Wahudumu wa afya, tuiombe manispaa njia hiyo kama tuombavyo dawa.