Mlinzi Aliyezibwa Mdomo

Programu ya Valgrind hukagua programu nyingine zinapojaribiwa, na hulalamika kila inapotumika sehemu ya kumbukumbu isiyokwisha kuwekwa kitu. Jaribio huchelewa mara 20 hadi 30, si neno. Askari wa zamu akiuliza, "Nani hapo?" huzibwi mdomo wake, huendewa.

Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa mfumo wa Debian, ili kuyaondoa malalamiko hayo, alizima mistari miwili ya OpenSSL, programu itengenezayo funguo za siri za kompyuta. Mmoja haukuwa na madhara. Wa pili, kumbe, ndio ulioingiza namba za kubahatisha! Funguo zikabaki 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa. Mwizi aliweza kuzijaribu zote. Kasoro ilitangazwa Mei 2008, na funguo za karibu miaka miwili zikabidi zitupwe.