Oveni ya mtumba



Kabla ya Ramadhani, ahli yangu alinunua oveni ya gesi iliyokwisha tumika, aiweke katika chumba cha uani anamookea mikate ya sinia ya kuuza. Nami, kwa kuuonea uchungu ujira wa fundi, nikaifunga mwenyewe kwa mpira ule ule iliokuja nao. Usiku akaniamsha: "Bwana, nasikia harufu ya gesi." Nikanyoosha mkono niwashe taa, akanizuia.

Alijua nililoghafilika nalo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, na cheche ya swichi yatosha kuilipua. Tukafunga mtungi, tukafungua milango na madirisha, tukatoka na watoto.

Asubuhi fundi alitia mpira mpya na regulata mpya, kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Penye kuvuja hutoka viputo. Asipime mtu kwa kiberiti.

Mtume (S.A.W.) alitufunza tusijidhuru wala tusidhuru wengine. Nunueni vya mtumba, hapana ubaya. Lakini ujira wa fundi uhesabuni pamoja na bei. Mimi niliubania, na nusura niulipe kwa roho za wanangu.

Wabillahi tawfiq.