Nani Kasema Bila Maiti Hakuna Riwaya?

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi wenzangu mnaoandika usiku kwa sababu mchana mna kazi za watu, leo nimekuja kugombana. Nagombana na kauli moja iliyoenea vijiweni mwetu, kwenye vikundi vyetu vya kusomeana miswada, na hata kwa wachapishaji tunaowapelekea kazi zetu huku mikono ikitetemeka. Kauli yenyewe ni hii: maisha ya kawaida hayaandikiki. Eti riwaya ni lazima iwe na maiti. Kama huna maiti, tia jini. Kama huna jini, tia mke wa mtu. Kama huna vyote hivyo, dogo, kaa chini, bado hujakomaa.

Mimi nasema huo ni uongo, tena ni uongo unaotugharimu.

Nieleze kwanza nilipo, mtu asije akasema naongea hewani. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Nafanya kazi kwenye steshenari, natoa kopi na kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Naishi na mwenzangu katika chumba kimoja cha kupanga huku Mbagala, Dar es Salaam, na mahari bado tunaidunduliza. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Tuna mbwa wawili, Simba na Popi, wote mbwa koko, hawana ukoo wa kuringia. Tuna marafiki wanne watano ambao jioni hufika kwetu wakiwa na njaa na maneno mengi. Hayo ndiyo niliyoyaandika katika mswada wangu, ambao sasa umefika kurasa 180 za daftari kubwa.

Mswada huo niliwasomea wenzangu. Walicheka pale pa kuchekesha, wakatulia pale pa kutulia. Nilipofunga daftari, mmoja wao, kijana ninayemheshimu sana kwa kalamu yake, akaniambia: "Mshikaji, lugha ipo, ila kisa hakuna. Hawa watu wanaamka, wanakwenda kazini, wanarudi, wanalisha mbwa, wanalala. Sasa nani anakufa?"

Nani anakufa! Jamani, hapo ndipo tulipofika.

Basi tuanze na hicho kinachoitwa kisa. Kisa ni mtu kutaka kitu, na kitu hicho kumkwepa. Haya, nawapa kisa. Chumba chetu ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, yaani shilingi 480,000. Dalali naye huchukua ya mwezi mmoja, shilingi 80,000 nyingine, kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Jumla ni shilingi 560,000 kabla hujatandika godoro. Ndani ya hesabu hiyo waweke vijana wawili, mmoja analipwa kwa wiki na mwingine analipwa kwa kila sare iliyokamilika. Sare nazo zina msimu. Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo tangu Desemba mwenzangu halali, cherehani inalia mpaka usiku wa manane. Ikifika Machi anakaa kupunguza suruali za majirani kwa hela ya vocha. Na kodi yetu inaisha Aprili. Mnaniambia hapo hakuna kisa? Mimi nikiifikiria Aprili nywele zinanisimama kuliko nikisoma habari za jini yeyote wa kwenye vitabu vyenu.

Halafu kuna hao mbwa. Najua wapo watakaosema mbwa ni mambo ya Masaki, mlalahoi na mbwa wapi na wapi. Mbwa wetu wanakula ugali wa pumba na dagaa waliovunjikavunjika, wale ambao muuzaji huwafagia chini ya meza yake. Na kazi wanafanya. Cherehani ya mwenzangu ni nzito, chumba ni kidogo, hivyo inalala barazani. Hiyo cherehani ndiyo mtaji wetu wote, na walinzi wake ni hao wawili. Lakini mbwa haohao ndio wanaotufungia milango. Tukienda kutazama chumba cha bei nafuu, swali la kwanza si "mnafanya kazi gani?" bali ni "na hao mbwa mtawapeleka wapi?" Mama mmoja mwenye nyumba alimwambia mwenzangu kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe nimekupenda, na mumeo naye hana neno. Ila malaika hawaingii nyumba yenye mbwa." Mwenzangu akajibu, "Sawa mama, tumekuelewa," tukarudi kwa miguu. Njia nzima hakuna aliyesema lile ambalo wote wawili tulikuwa tunaliwaza: kwamba tukiwatupa mbwa tunapata chumba, na tukipata chumba cherehani inaibiwa. Hilo nalo si kisa?

Rafiki yetu mmoja anafanya kazi buchani. Ni Mwislamu mshika dini, na kama Waislamu wengi wa pwani yetu anafuata madhehebu ya Shafi. Mbwa akimgusa kwa pua yake yenye majimaji, itampasa aoshe mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo akija kwetu hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbali, miguu kaikunja. Lakini kila Jumamosi huja na mfuko wa mifupa, huutundika kwenye msumari wa mlangoni na kusema, "Shemeji, posho ya askari wako hiyo." Ni yeye aliyetusimulia habari ya mtu aliyesamehewa na Mungu kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Rafiki yetu hachezi nao wala haingii nao popote, lakini hakubali walale njaa. Niambieni, ni riwaya gani ya kijana wa leo iliyoandika urafiki wa namna hiyo, wenye mpaka unaoheshimiwa na pande zote mbili?

Na kama ni lazima tuzungumzie kifo, haya, tukizungumzie. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea, kupona ni kama hakupo. Lakini jeraha likioshwa mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na mtu akawahishwa hospitali kwa sindano za chanjo, anaishi. Tena mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huo hukosa njia ya kusambaa. Haya si mambo ya kubuni. Sasa fikirini: mtoto wa jirani kachanwa mguu na Simba, mama yake anauosha mguu bombani huku akilia, baba yake kasimama mlangoni na panga, na kijana ndani anatafuta kadi ya chanjo ya mbwa chini ya godoro. Hiyo ni sehemu katika mswada wangu. Mtoto alipelekwa hospitali, kadi ikapatikana, panga likarudi ndani. Wenzangu hawakukohoa hata mmoja nilipokuwa naisoma. Kisha wakaniambia kisa hakuna, kwa kuwa mtoto hakufa!

Msidhani nawadharau waliotutangulia. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965 aliwafungulia mlango wasomaji wengi. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango, na wapo wazee wa mtaani kwetu waliopenda kusoma kwa sababu ya hao tu. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mtindo wa kurithi bastola na kuuacha mji. Kijana anaandika upelelezi, mpelelezi anapanda gari la kifahari asilojua mwandishi linawashwaje, wakati daladala anayoipanda kila siku, na konda anayemjua kwa sauti, havimo hata kwenye mstari mmoja.

Tena hao sio ukoo mzima. Katika Utubora Mkulima, Shaaban Robert alimchukua mtu mwenye kazi nzuri ya mjini akamrudisha shambani kwa hiari yake, akamfanyia kitabu. Adam Shafi mwaka 1979 alitoa Kuli, riwaya ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar. Mle ndani mizigo na ujira ndivyo vinavyoisukuma hadithi mpaka kwenye mgomo. Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika, mwaka 1971, alianzia nyumbani, kwa baba mkali na binti zake. Vifo vimo, sikatai, lakini vinaotea ndani ya nyumba ile, havikuletwa kutoka nje ili msomaji asisinzie. Na tukivuka bahari, Anton Chekhov wa Urusi mwaka 1899 alitoa hadithi fupi ya mwanamke mwenye mbwa mdogo. Hakuna anayeuawa. Watu wawili wanapendana, hawajui wafanyeje, na hadithi inaisha wakiwa bado hawajui. Zaidi ya miaka 120 imepita na bado watu wanaisoma.

Mtaniambia: soko. Mchapishaji mmoja aliniambia, "Kijana, watu wana shida zao, hawawezi kutoa hela kununua shida nyingine." Nilimshukuru, nikaondoka na bahasha yangu. Lakini hebu sikilizeni watu haohao wanazungumza nini ndani ya daladala. Wanasimuliana habari za mwenye nyumba, za bosi aliyekata mshahara, za umeme wa luku kuisha katikati ya mpira. Nimeona abiria akipitiliza kituo chake ili asikie mwisho wa ugomvi wa shangazi yake mtu asiyemjua. Soko hilo la mdomo halijawahi kufungwa hata siku moja. Kinachongojewa ni mtu wa kulileta kwenye karatasi.

Wala sisemi kila atakayeandika jinsi alivyopiga mswaki ni mwandishi. Hapana. Maisha ya kawaida ni magumu kuandika kuliko mauaji, maana maiti inamshika msomaji hata kama sentensi ni mbovu, lakini ugali wa jana haumshiki mtu mpaka wewe mwandishi ufanye kazi. Ni lazima uchague, ujue ni saa ipi ya siku ambayo inabeba siku nzima. Nadhani wengi wanaotukuza bastola wanaikimbia kazi hiyo.

Sasa nifike kwenye linaloniuma hasa. Tazameni mapenzi tunayopewa kusoma. Kila mwanamke anatafuta mwenye gari, kila mwanamume ana nyumba ndogo, kila rafiki ni nyoka, na mwisho wake ni sumu kwenye juisi. Kijana wa miaka 17 anayesoma hadithi 20 za namna hiyo anajifunza nini? Anajifunza kwamba kupendana ni kuviziana. Akimpata mwenzake mtulivu, anaona kuna jambo linafichwa, anaanza kupekua simu.

Nani atamwandikia namna watu wawili wanavyogawana ndoo? Kwetu maji ya bomba hutoka saa 8 usiku. Mwenzangu ndiye anayeamka kukinga, maana mimi natoka alfajiri. Nami nikirudi jioni napika, na wanaume wa kijiweni wanacheka wakiniona na mwiko. Zipo siku tunanuniana, basi tunazungumza kwa kupitia mbwa: "Popi, mwambie huyo chumvi imezidi." Na Popi anatutazama kwa zamu, mkia unatikisika, mpaka mmoja anacheka. Hakuna sumu, hakuna hawara. Kuna watu wawili wanaojua kwamba Aprili inakuja, na wameamua kuingoja pamoja. Kama hayo hayastahili kuandikwa, basi mamilioni ya vijana wa mji huu hawastahili kuandikwa. Na asiyestahili kuandikwa hata na wenzake, mwenye nyumba atamwonaje? Mwajiri atamwonaje? Atamwona namba tu, wa leo na wa kesho ni walewale.

Kwa hiyo nawaomba, na ombi hili lina ukali ndani yake: ziacheni maiti zipumzike kidogo. Andikeni fundi, konda, muuza genge, kijana wa bodaboda anayeishi na mkewe nyumba ya wakwe. Andikeni ni shilingi ngapi zilibaki na nani aliambiwa ukweli. Kama pana mbwa, muwekeni mbwa, na mseme anakula nini. Leteni miswada tusomeane. Nitaisikiliza yote bila kuchoka. Ila nitakayemkuta kamuua mtu ukurasa wa kwanza, nitamnyanyulia mkono nimuulize: ndugu mwandishi, huyu marehemu kodi yake ilikuwa inaisha mwezi gani?