Choo cha mbao si cha watalii peke yao

Wadau, nani alisema choo cha mbao cha kutengeneza mbolea ni cha kuwekwa hotelini tu? Ukichimba shimo huku kwetu, Kilifi, Watamu mpaka Malindi, mara nyingi mtaimbo unagonga jiwe la matumbawe. Na jiwe lenyewe lina nyufa na matundu, kwa hivyo uchafu wa chooni unaweza kuteremka hadi kwenye kisima mnachochota maji.

Choo cha mbao hakitaki shimo. Ni kiti, ndoo chini yake, na kila ukimaliza unafunika kwa vumbi la mbao au la makumbi. Nazi si tunazo? Harufu inakatika, kweli.

Lakini mafundi, hapa nagombana nanyi. Mnauza kiti, mnapokea pesa, mnaondoka. Ndoo ikijaa mteja afanye nini? Kinyesi kibichi si mbolea bado. Mayai ya minyoo hukaa hai muda mrefu, kwa hivyo lazima kirundikwe mahali palipozibwa, mbali na kisima na kuku, kikae kama mwaka hivi kabla ya kutiwa shinani mwa minazi. Kule Mukuru, Nairobi, Fresh Life walioanza 2011 hawaweki choo tu, uchafu wanakuja kuuchukua wenyewe. Huku nani atakuja?

Basi uzeni kiti pamoja na sanduku la kurundikia, tena mumwonyeshe mteja kazi yake. Bei itapanda, najua. Mama wa Gede alipe mdogo mdogo, kama anavyolipia simu.