"Ngoja Kidogo" Imekula Pesa Yangu, na Yako Inafuata

Wacha niseme hii kitu halafu mje mnitusi hapo chini. Ushauri mbaya kuliko wote unaoweza kumpa mtu anayejenga kompyuta ni "ngoja kidogo, mpya inakuja." Bana, kila mwaka kuna mpya inakuja. Mpya haijawahi kukosa kuja.

Naongea nikiwa nimeumia. Katikati ya 2025 nilikuwa na pesa mkononi, nimeiweka pole pole kutoka kwa video za harusi na ruracio. Mashine yangu ilikuwa ex-UK, prosesa ya Intel ya kizazi cha 4, RAM GB 8. Video ya dakika kumi nilikuwa naacha ikirenda nikienda kulala, naombea stima isipotee. Nilikuwa nishachagua kila kitu: madabodi ya B650, prosesa ya Ryzen, RAM ya DDR5 GB 32. Asubuhi ile ile nikitoka niende town, jamaa mmoja kwa grupu yetu ya WhatsApp akaandika: "Usinunue saa hii. Zen 6 iko njiani, bei zitashuka." Wengine wanne wakaunga mkono. Mmoja hata akaniwekea methali: mvumilivu hula mbivu.

Nikavumilia. Mbivu ikaoza.

Kampuni kubwa zinazotengeneza chipu za RAM ni tatu tu: Samsung, SK Hynix na Micron. Zote ziligeuza macho kwa seva za AI, kwa sababu huko ndiko pesa iko. Desemba 2025 Micron ikatangaza inaachana na Crucial, lile jina ambalo wengi wetu tumenunua RAM na SSD zake. Ile RAM niliyokuwa nimeiona Juni, niliporudi kuiulizia Desemba bei ilikuwa imepita mara mbili. Pesa yangu ni ile ile. Na hapo katikati nikapoteza kazi: mteja alitaka video fupi nne kila wiki, mashine ikanishinda wiki ya pili, akatafuta mtu mwingine. Hiyo nayo kwani kuna mtu wa grupu alinirudishia?

Najua mtasema hakuna mtu angejua RAM itapanda. Ni kweli kabisa. Na yule aliyesema bei itashuka pia hakuwa anajua. Alikuwa anabahatisha, tofauti ni kwamba alikuwa anabahatisha na pesa yangu.

Lakini msinisikie vibaya. Sisemi ununue chochote kilicho dukani. Watu wa "nunua tu" wananikasirisha vile vile. Hebu tuangalie 2017. Januari mwaka huo mtu ananunua bodi mpya ya Intel, Z270. Miezi michache baadaye mwingine ananunua ya AMD, B350. Oktoba, Intel inatoa prosesa za kizazi cha 8. Soketi bado inaitwa LGA 1151, lakini prosesa mpya zinataka bodi mpya. Yule wa Z270 amefungiwa mlango hata mwaka haujaisha. Yule wa B350? Soketi yake, AM4, iliendelea kuishi. 2022 AMD ikatoa Ryzen 7 5800X3D, na mwaka huo huo ikafungua njia hata zile bodi za 2017 ziibebe, ukiweka BIOS mpya. Miaka 5, bodi ni ile ile.

Hao wawili walinunua mwaka mmoja. Kwa hivyo swali halikuwa "ninunue lini." Swali lilikuwa "nanunua nini." Sisi tunabishana usiku mzima kuhusu tarehe na hatuulizi hii soketi imebakisha maisha gani.

Leteni hiyo hesabu leo. AM5 ilitoka Septemba 2022, na AMD imesema itaiendeleza hadi 2027 na zaidi. Sasa kama unangoja prosesa mpya ya AMD, na bodi ya AM5 iko dukani, unangoja nini haswa? Nunua bodi, weka prosesa ya bei ya chini kama Ryzen 5 7600, anza kazi. Ukipata pesa, uza hiyo prosesa uweke kubwa. Upande wa Intel, LGA 1700 ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14, halafu Oktoba 2024 ikaja LGA 1851. Ukipata bodi ya LGA 1700 kwa bei poa, chukua, lakini jua unanunua nyumba isiyoongezwa ghorofa. Na muuzaji asikudanganye ati "ni ya kisasa."

Tena usiabudu ahadi za kampuni. 2020 AMD hiyo hiyo ilikuwa imesema Ryzen 5000 haitakubali bodi za zamani. Watu walipiga kelele ndio ikalegeza. Bodi lazima ilipie kazi ya leo. Hayo ya kesho ni nyongeza.

Kuna kungoja kwa akili, sikatai. Kama mashine yako bado inafanya kazi unayolipiwa, ngoja. Kama kitu kimetangazwa, tarehe inajulikana na ni wiki chache, ngoja. Kama ungelazimika kukopa kwa app ya simu, ngoja, na hata hiyo njia ya Luthuli usipite. Lakini kama huwezi kuniambia unangoja kitu gani na mpaka siku gani, wewe hungoji, unaogopa tu. Na ngoja ngoja huumiza matumbo, hiyo nayo ni methali.

Mimi Januari nilinunua. Bodi ya B650, Ryzen 5 7600, na RAM kipande kimoja cha GB 16 badala ya zile 32 nilizotaka. Najua kipande kimoja kinapunguza kasi, RAM hupenda kukaa mbili mbili. Lakini nafasi iko kwa bodi, cha pili kitakuja. Ile video ya dakika kumi sasa inaisha kabla chai haijachemka, na nimeanza kupokea kazi nilizokuwa nakataa.

Wale wa grupu bado wanangoja. Juzi mmoja wao ameniomba nimrendie video ya mteja, ya kwake imegoma.

Nimemwambia angoje kidogo.