Gari la Moshi Halikuipa Bububu Jina

Kila apitaye njia ya Bububu akiwa na mgeni hukisikia kisa kile kile. Mwongozaji hugeuza shingo, akatabasamu, akasema kuwa hapa palikuwa na stesheni ya gari la moshi, na kwa kuwa gari lile lilikuwa likilia bu-bu-bu, basi mji ukaitwa hivyo. Wageni hucheka. Nasi wenyeji hucheka nao. Na kicheko hicho chetu ndicho kinachonishikisha kalamu leo.

Kisa hicho ni uzushi, wala hahitajiki mwanachuoni mkubwa kuubaini. Bibi Salme binti Said aliihama Unguja mwaka 1866. Kumbukumbu zake, alizoziandika kwa Kijerumani, zilichapwa mwaka 1886, na humo anaitaja Bububu kwa jina lake hili hili, kama mahali alipopata kuishi angali binti wa visiwa hivi. Reli ya Bububu ilianza kazi mwaka 1905. Tangu lini mtoto akampa jina mzazi wake? Na asije mtu akaniletea reli ya Sayyid Barghash, ile iliyovutwa kwanza na nyumbu na baadaye kwa mashine ya moshi. Ile ilikwenda Chukwani, kusini, si Bububu. Na Barghash alitawala kuanzia mwaka 1870, Bibi Salme keshaondoka.

Lakini watunza njia za wageni siwalaumu sana, maana wao wanatafuta riziki. Ninaowalaumu ni washairi. Sisi tunaojigamba kuwa masikio yetu hupima mizani hata usingizini, tumewezaje kukaa karne nzima bila kulisikia neno lililomo ndani ya lugha yetu wenyewe? Maji hububujika. Bububu ni mahali pa chemchemi, na ni maji ya huko ambayo Sayyid Barghash aliyavuta kwa mabomba hadi mjini, watu wa Mji Mkongwe wakanywa. Sisemi kuwa nimethibitisha asili ya jina. Majina ya kale yana siri zake. Nasema tu kwamba penye ushahidi wa maji yanayotoka ardhini mpaka leo, sisi tumechagua ushahidi wa mashine ambayo haikuwapo.

Na ubaya wa uzushi huu ni kuwa umeidhulumu hata stesheni yenyewe. Tumeligeuza gari lile kuwa mlio, basi. Tumesahau kuwa lilikuwa gari la watu. Lilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, maili saba za reli nyembamba kutoka mbele ya Ngome Kongwe, likapita Malindi na Darajani, likatoka kuelekea kaskazini kando ya pwani. Mitaani lilipita karibu mno na kuta, hata mwenda kwa miguu akalazimika kujibanza mlangoni mwa mwenziwe. Watu wa shamba walilipanda kwenda mjini na kurudi. Abiria wa meli zilizotia nanga nao waliwekewa behewa lao la daraja la kwanza, wakatembezwa hadi Bububu na kurudishwa. (Kwa hiyo biashara ya kumpeleka mgeni Bububu akashangae si ya jana.)

Stesheni ile haikufa kwa vita wala kwa tufani. Barabara ilitengenezwa, motokaa zikaja, na motokaa humshusha mtu mlangoni pake. Mwaka 1922 gari likaacha kuchukua abiria. Reli iliyowekwa kubeba watu ikamalizia umri wake ikibeba mawe ya kujengea bandari mpya, kisha vyuma vikang'olewa. Miaka kumi na saba tu ya kuchukua abiria! Na kwa miaka hiyo kumi na saba tumeuuza umri wote wa mahali palipokuwa na watu, minazi na maji kabla Mmarekani hajatia mtaimbo ardhini.

Waliolipanda wakiwa watu wazima hawapo tena. Wapo wajukuu zao, na baadhi yao walisimuliwa: nauli ilikuwa kiasi gani, nani alikuwa akikata tiketi, mwanamke alikaa wapi, kikapu cha samaki kilipakiwa wapi. Hayo ndiyo mambo ya kuandikwa na kutungiwa. Mwenye picha iliyosahauliwa kwenye kasha la bibi yake aitoe kabla mchwa hawajaifikia, na mwenye jina la babu aliyefanya kazi relini atuletee jina hilo. Kurasa hizi zina nafasi. Zimechapa mambo mepesi kuliko hayo, yakiwemo ya kwangu.

Mwezi uliopita nilikuwa katika daladala ya 502. Kijana mmoja aliketi na wageni wawili, na tulipokaribia kituo akaanza: bu-bu-bu. Nikamgusa bega, nikamweleza kwa upole habari ya Bibi Salme, ya mwaka 1886 na ya chemchemi. Alinisikiliza kwa adabu zote, mkono kifuani, mpaka nikamaliza.

"Ahsante, mzee wangu," akanijibu. "Lakini hiki cha gari la moshi wanakipenda zaidi."

Kisha akawageukia wageni wake na kuendelea.